Shamba Safi

Mwezi wa kumi Ugogo hunuka moshi. Ukitoka Dodoma mjini jioni kwa barabara ya Morogoro, ukaipita Ihumwa na kuikaribia Buigiri, utaona moshi umesimama huku na huku kama nguzo, maana saa hizo upepo huwa umetulia. Ni watu wanasafisha mashamba. Mabua ya uwele na mtama ya msimu uliopita yamekusanywa, vichaka vimefyekwa, visiki vimechimbuliwa au vimetiwa moto, na ardhi imebaki nyekundu, tupu, kana kwamba imefagiliwa. Desemba mvua ikikubali, mwenye shamba atapanda.

Nimelelewa katika lugha hiyo ya kusafisha. Kwa mama yangu, shamba lenye vichaka lilikuwa aibu ileile ya mtoto asiyeogeshwa. Mtu angepita njiani, angetazama, angejua mwenye shamba ni wa namna gani. Mvivu alijulikana kwa visiki vyake. Kwa hiyo nilipopata ekari zangu mbili nyuma ya Buigiri, miaka ile watumishi wa serikali walipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi na bei ya ardhi ikawa inapanda kila baada ya Krismasi, jambo la kwanza nililofanya ni kuwaita vijana wanne wenye majembe na mashoka. Niliwaambia nataka pawe peupe. Wakafanya kazi siku tatu, nami nikasimama pembeni nikiwa na chupa ya maji baridi, nimeridhika.

Siku ya tatu akapita mzee mmoja, mwinjilisti wa mtaa wa jirani. Wasomaji wasio Waanglikana huenda hawamjui mwinjilisti: ni yule mtu anayeongoza ibada kijijini Jumapili tatu kati ya nne kwa sababu mchungaji ana mitaa mingi, anayezika, anayefundisha kipaimara, na ambaye kwa kawaida halipwi kitu cha kutajika. Alisimama kwenye mpaka, akaegemea baiskeli.

"Mbukwa," akasema.

"Mbukwenyi, mzee."

Alitazama rundo la visiki kwa muda. "Hawa ulikuwa umewakuta hai," alisema. Sikumwelewa. Alisema hawa, si hivi, kama anayezungumzia watu. Akapanda baiskeli yake akaenda, na mimi nikabaki nimeudhika kidogo, kama mtu anavyoudhika akisahihishwa na mwenye viatu vilivyochakaa kuliko vyake.

Sura hii ni ya kisiki. Najua kitabu kinachojiita cha imani kwa vitendo kilipaswa kufikia sasa kiwe kinazungumzia yatima, wagonjwa na wafungwa, na baadhi yao tutawafikia. Lakini kwa mtu wa nyanda za kati naona haki kuanzia mahali ambapo mikono yake hushinda siku nzima, nako ni shambani. Kama imani haifiki huko, sijui inafika wapi.

Fikiria hesabu yenyewe. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili kama mwaka ni mwema, na jumla yake ni milimita 500 na ushee. Miezi inayobaki ni kiangazi. Mche wa mti uliopandwa Januari una miezi mitatu ya kushusha mizizi kabla jua halijaanza kuutafuta. Ndiyo maana mkoa huu umejaa makaburi ya miche. Kila taasisi ina siku yake ya kupanda miti. Anakuja mgeni rasmi, kwaya inaimba, mashimo yamechimbwa jana yake, picha zinapigwa, mche unawekewa kibao chenye jina la aliyeupanda. Septemba ukirudi unakuta kibao. Katika usharika ninaosali tumepanda hivyo mara tatu ninazozikumbuka, na mti uliopona ni mmoja, mwarobaini ulio karibu na bomba la maji ya kunawia mikono.

Kisiki hakina shida hiyo. Mgunga au mkwaju uliokatwa miaka ishirini iliyopita bado una mizizi iliyokwenda chini, huko unyevu unakobaki hata mwezi wa tisa. Kila mwaka unatoa machipukizi mengi kwa pamoja, mbuzi wanayala, jembe linayakata, moto unayaunguza, na mwaka unaofuata unatoa mengine. Sisi tukipita tunaona kichaka. Kumbe ni mti uliokatazwa kusimama.

Aliyeuambia ulimwengu jambo hili kwa sauti kubwa ni mmisionari, na kwangu hilo halikuwa bahati tu. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikwenda Niger, pembezoni mwa Sahara, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa na mkewe na mtoto mchanga. Alisimamia mradi wa kupanda miti eneo la Maradi. Miche ilikufa karibu yote. Wakulima walimwona kama mzungu mwenye kichaa kidogo, anayewataka wapande miti kwenye ardhi ya chakula. Siku moja ya mwaka 1983 alikuwa njiani na gari lililobeba miche, akasimama kupunguza upepo kwenye matairi ili gari lisizame mchangani. Akatazama pande zote, akaona uwanda mtupu usio na mwisho, akahesabu fedha na miaka ambayo kazi hiyo ingehitaji, akakata tamaa. Amesimulia mara nyingi kwamba aliomba palepale, akamwomba Mungu msamaha kwa jinsi binadamu walivyoiharibu dunia, na amfumbue macho. Kisha akakiona kichaka kimoja. Alikuwa amevipita vichaka vya namna ile maelfu. Alipolikaribia jani akalitambua: ni mti, umekatwa, unachipua. Uwanda wote aliokuwa akiuita mtupu ulikuwa na msitu chini yake.

Yaliyofuata hayakuwa mteremko. Wakati wa njaa ya 1984 watu walitunza visiki kwa sababu walilipwa chakula. Njaa ilipokwisha wengi wakaikata miti ileile. Ilibidi kazi ianze upya na wachache waliobaki nayo kwa hiari, na hao ndio walioieneza, mkulima kwa mkulima. Leo sehemu ya kusini ya Niger ina mamilioni ya hekta zilizorudi kuwa na miti mashambani, na mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Mimi nabaki na ile sala. Hakuomba miti. Aliomba kuona, na alichoonyeshwa kilikuwa kimekuwapo siku zote, kimekanyagwa na gari lake mwenyewe.

Hapa kwetu njia hiyo ina jina la Kiswahili linalojieleza: Kisiki Hai. Shirika la Kikristo la LEAD Foundation, lenye makao Dodoma, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, lilianza kuieneza kwa upana mwaka 2018, na imefika mamia ya vijiji. Ukiishuhudia inavyofundishwa utashangaa jinsi ilivyo fupi. Unachagua kisiki, unachagua katika machipukizi yake mawili, matatu, labda manne yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine unayaondoa. Yale uliyoyabakiza unayapogolea matawi ya chini hadi nusu ya kimo, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Kisha unafunga kitambaa cha rangi, kipande tu cha kanga kuukuu au fulana, ili kila apitaye ajue huyu ana mwenyewe. Kisha unalinda. Baada ya miezi michache unarudi kupogolea tena. Hakuna mche wa kununua wala ndoo ya maji. Matawi uliyoyatoa ni kuni za mama na majani ya mbuzi. Penye mteremko watu huchimba na makinga maji, fanya juu au fanya chini, ili mvua ile kidogo isikimbilie korongoni kabla ardhi haijainywa.

Nimesema ni rahisi, na kwa mikono ni rahisi kweli. Ugumu wake uko kwingine, na ilinichukua muda kuutambua. Mtu anayelea visiki shambani kwake anaacha kuwa mwenye shamba safi. Jirani anapita anasema fulani siku hizi amechoka, shamba limemshinda. Mama mkwe anakuja kutembea anauliza kama kuna ugonjwa. Mzee wa kanisa mmoja wa tarafa ya Mvumi alinisimulia kwamba msimu wa kwanza alikuwa akienda kupogolea alfajiri sana, watu wasimwone. "Nilikuwa nimekwisha kusimama mbele za watu nikamshuhudia Yesu miaka thelathini," alisema, "lakini kuonekana mvivu, hapo nilikuwa bado sijaokoka." Alicheka. Mimi sikucheka sana.

Tunapozungumza juu ya kuubeba msalaba, mawazo hukimbilia mateso makubwa. Ugogo nimeona msalaba wenye ukubwa wa kitambaa cha kanga kilichofungwa kwenye fimbo ya mgunga, huku shamba zima la jirani likiwa jeupe.

Sisi watu wa kanisa tunapenda tendo lenye mwanzo na mwisho. Tazama mnada wa mavuno baada ya ibada: kuku, debe la alizeti, mapapai, sahani ya karanga. Papai la shilingi elfu mbili linanunuliwa kwa elfu kumi, vigelegele, mnunuzi analirudisha liuzwe tena, vigelegele zaidi. Siusemi vibaya mnada. Paa la kanisa letu limetoka humo. Lakini aliyelitoa papai lile, mama aliyelibeba kichwani kilomita sita, jina lake halitajwi, na aliyelinunua linatangazwa mara tatu. Tumejifunza kutambua tendo la imani kwa kelele zake. Kupogolea hakuna kelele. Hakuna jiwe la msingi la kupogolea, hakuna utepe, na mwakani lazima urudi ufanye lilelile.

Historia ya nyanda hizi inatupa mfano wa kusafisha uliofika kilele chake, na uko kilomita kama themanini tu kutoka mjini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi wa karanga. Vita ilikuwa imekwisha, Waingereza walikosa mafuta ya kula, na wataalamu wakaitazama Tanganyika wakaona ardhi tupu. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, na mwaka wa kwanza pekee ekari 150,000. Matingatinga yaliletwa, na hata vifaru vilivyobaki vitani vilivuliwa mizinga vikageuzwa matrekta. Mibuyu iliwashinda. Vichaka vya miiba viliinama chini ya minyororo vikainuka nyuma yake. Ardhi ya Kongwa, ikikosa mvua, hukauka ikawa tofali, na karanga zilizoota hazikuweza kung'olewa. Mwaka wa kwanza hawakufikisha hata sehemu ya kumi ya walichoazimia. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Mashine, fedha na nia njema vilikuwapo. Hawakumuuliza Mgogo kwa nini yeye, aliyeishi hapo na njaa zake zote, hakuwa amepanda karanga kila mahali.

Serikali yetu wenyewe nayo ilijaribu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Makorongo mengi yalifunga na majani yakarudi. Siwezi kusema ulishindwa. Lakini kwa mfugaji aliyeondolewa na ng'ombe wake, ardhi ilipona bila yeye, na hilo nalo ni jeraha. Kisiki Hai kinamtaka mtu na mbuzi wake wabaki, wapatane na mti. Ni njia ndefu zaidi. Na kwa kuwa nimetaja Kondoa, niongeze kwamba wengi wanaolea visiki huko ni Waislamu, na hawalei vibaya kuliko sisi. Sidai kwamba kupogolea ni sakramenti. Nasema kwa Mkristo ni mahali ambapo anayoyakiri Jumapili yanaweza kukutwa Jumatatu yakifanya kazi.

Neno hili usafi limenifuata tangu mwinjilisti yule aegemee baiskeli yake, na nikianza kulitafuta nalikuta kila mahali ambapo imani iligusa maisha ya Ugogo.

Nalikuta Hombolo, kwenye kituo cha wenye ukoma cha Dayosisi ya Central Tanganyika. Ukoma ndio ugonjwa ambao Maandiko yenyewe yanauita unajisi, na watu walitosheka na neno hilo: aliyeupata alijengewa mbali. Siku hizi dawa ni za bure, mchanganyiko unaoponya kabisa kwa miezi sita au kumi na miwili, na watu wengi mno miilini mwao wana kinga ya asili hata wakiishi na mgonjwa. Lakini ugonjwa ukichelewa kukamatwa huua neva, na mguu usiosikia maumivu hukanyaga kijiti cha moto bila habari. Kwa hiyo aliyepona vimelea bado ana kazi ya kila siku maisha yake yote: kuloweka miguu majini, kusugua ngozi ngumu kwa jiwe, kupaka mafuta ili unyevu usikauke, kutazama nyayo kama kuna kidonda kipya. Macho yakiwa hafifu, lazima mtu mwingine amtazamie. Kila Alhamisi Kuu tunaigiza kuoshana miguu, miguu iliyooshwa tayari nyumbani kwa sabuni ya kunukia. Kuna nyumba ambazo ibada hiyo hufanyika kila jioni, na aliyepiga magoti ni mjukuu wa miaka kumi, anataka amalize akacheze.

Nalikuta Kongwa tena, penye mabaki ya karanga, na hapa usafi unapata maana yake njema. Trakoma ilikuwa imewapofusha watu wa nyanda hizi vizazi kwa vizazi. Nzi hufuata makamasi na tongo za mtoto, hubeba vimelea kwenda kwa mwingine, na anayeambukizwa mara kwa mara utotoni hufika utu uzima kope zimegeukia ndani, zinakwaruza mboni hadi giza liingie. Wanawake huumia zaidi, maana wao ndio wanaowapakata watoto. Watafiti waliofanya kazi Kongwa tangu miaka ya 1980 walichapisha mwaka 1995 matokeo ya jaribio la jambo dogo ajabu: kumnawisha mtoto uso. Vijiji ambako nyuso zilitunzwa safi, trakoma kali ilipungua. Kikwazo kilikuwa maji, au fikra juu ya maji. Mama aliyetoka kisimani na ndoo ya lita ishirini kichwani, akijua kuna kupika na kunywa, aliona uso wa mtoto utasubiri. Kumbe kuunawisha hutaka maji machache mno, konzi moja mbili. Kanisa letu hapo Buigiri, lilipofungua shule ya wasioona mwaka 1950, lilifanya jema kubwa, na vijana waliotoka humo ni walimu na viongozi. Hata hivyo huwa nawaza ni macho mangapi yangeokolewa kama kila mwinjilisti wa miaka ile angetembea na kikombe.

Na nalikuta katika jambo lililowatikisa Wakristo wa huku kuliko lingine lolote: Uamsho. Ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda, ukavuka Bukoba, ukafika Ugogo. Walokole, ndugu, waliohubiri kuoshwa kwa damu, walisalimiana kwa wimbo na kukumbatiana barabarani. Wengi leo wanawakumbuka kwa ukali wao, makatazo, mavazi, jinsi walivyowapima wenzao. Walikuwa na ukali huo, na uliumiza watu. Lakini kabla ya ukali kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo majirani wasiokuwa Wakristo walilizungumzia: walirudisha vitu. Mtu aliyeokoka Jumamosi, Jumatatu alikuwa njiani na kilichoibwa. Karani alirudisha fedha za ofisi. Mwingine alirudisha mkasi wa hospitali, mwingine alilipa kodi aliyokuwa ameikwepa, na mtoza kodi hakujua aiandike kwenye kitabu gani. Hilo waliliita kutembea nuruni. Mtu aliungama hadharani, lakini kuungama bila kurudisha kulihesabiwa kuwa maneno.

Miongoni mwao alikuwamo mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, Festo Kivengere, aliyekuja Dodoma na mkewe Mera mwaka 1946 akakaa katika Tanganyika zaidi ya miaka kumi akifundisha. Ulimwengu ulimjua baadaye, alipokuwa askofu aliyekimbia Uganda mwaka 1977 baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, kisha akaandika kitabu kusema anampenda Idi Amin. Mimi hupenda zaidi kisa alichokuwa akijisimulia, kisichokuwa na Amin ndani yake. Siku moja alikuwa amegombana na mkewe, na muda wa kwenda kuhubiri umewadia. Akajitayarisha kutoka. Moyoni akasikia anaambiwa arudi akaombe na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamsubiri. Akajibiwa basi, wewe nenda ukahubiri, mimi nitabaki hapa jikoni na mkeo. Akarudi jikoni kuomba radhi.

Nadhani kisa hicho ndicho Uamsho ulipokuwa katika ubora wake. Usafi wao wa kweli haukuwa wa kuondoa kila kitu kibaki cheupe. Ulikuwa wa kurudi mahali palepale ulipoharibu, kwa mtu yuleyule, na kuanza na kilichobaki.

Na sasa sina budi kurudi kwenye ekari zangu.

Vijana wale wanne hawakumaliza visiki vyote. Upande wa mashariki, mpakani, walikuwa wameacha kama kumi na vitano kwa sababu miiba iliwachosha. Baada ya mwaka, nikiwa nimejifunza kidogo, nikavichagulia machipukizi, nikavifunga vitambaa, na mvua zilipokuja nikaona nimekuwa mtu wa maana. Nilipiga picha. Mwezi wa sita mbuzi wa jirani yangu waliingia wakala tisa hadi chini. Nilimkuta kwao nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, mbele ya wanawe, mtu aliyenizidi miaka ishirini. Nilimtishia sheria ndogo za kijiji na faini. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, mwanangu," basi.

Nilikaa na hilo wiki mbili. Jumapili ya pili nilikuwa nimepangiwa kusoma somo la kwanza kanisani, na nilipokuwa napiga pasi shati nikamkumbuka Festo na jiko lake, nikatamani nisingekuwa nimewahi kukisikia kisa kile. Nilimpigia simu katibu wa usharika nikamwomba atafute msomaji mwingine. Nikaenda Buigiri.

Nilimkuta anakoboa uwele na mkewe. Niliomba radhi, vibaya, kwa maneno mengi mno. Akaniachia nimalize kama alivyoniachia mara ya kwanza. Kisha akainuka, akachukua panga, akasema twende. Tulipofika mpakani akachuchumaa kwenye kisiki cha kwanza kati ya vile tisa. Kilikuwa kimetoa machipukizi mapya kumi na kitu, ya urefu wa kidole.

"Hapa wewe uliacha manne," alisema. "Manne mengi. Huyu hana nguvu ya manne."

Nilimwambia tulifundishwa hata manne yanafaa. Akasema huyo aliyefundisha hakuwa anamjua huyu. Tukabishana. Mwishowe tuliacha matatu, nikatoa leso yangu mfukoni tukaichana vipande, na alipofunga cha kwanza akanionyesha kwa panga upande wa pili wa mpaka, shambani kwake, peupe pote, isipokuwa karibu na boma la mbuzi, ambako visiki vitatu vilikuwa vimefungwa matambara ya bluu.

"Hao ni wa mama," alisema. "Nilikuwa namwambia anachafua shamba."

Kengele ya kanisa ikasikika ng'ambo ya barabara. Hakuna kati yetu aliyeinuka. Vilikuwa vimebaki vinane.